Skonzi za Karatasi ya Bluu

Familia ya mume wangu iliniita Redio tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, na sitasema walinionea. Siri kwangu ilikuwa kama maji kwenye chungio. Mtu akitaka jambo lake lijulikane mtaa mzima kabla ya chakula cha mchana, alikuja kununua mkate kwangu, akainama juu ya kaunta na kuninong'oneza, "Haya yabaki hapahapa." Basi, kazi yake imekwisha. Yaliyobaki niliyamaliza mimi.

Ndiyo maana siku wifi yangu alipotangaza mezani, mbele ya watu wote, kwamba alikuwa akitafuta mtu wa kumtunzia siri kubwa kuliko zote za kazi yake, na kwamba amenichagua mimi, mume wangu alipaliwa na chai.

"Nani? Huyu?" alisema huku akikohoa. "Mdogo wangu, si bora uchukue kipaza sauti ukasimame sokoni?"

"Kaka, unao ushahidi kwamba hawezi?"

"Ushahidi! Muulize mtu yeyote!"

"Uvumi huo. Mimi nimeuliza ushahidi."

Hiyo ndiyo kauli yake tangu utotoni. Mama mkwe wangu husimulia jinsi alivyomwonya kwamba akimeza mbegu ya chungwa itamwotea tumboni. Mtoto yule akameza mbegu makusudi, halafu wiki nzima akawa anajipapasa tumbo kila asubuhi na kuripoti, "Bado." Amekua, amesoma, amekuwa daktari wa presha kwenye kliniki iliyo nyuma ya karakana za maseremala, lakini ni yuleyule. Humpati kwa maneno matupu. Zamani nilikuwa nikimwona mchoshi. Ukimwambia "leo kuna joto" anatazama kipimajoto kwanza.

Wakati huo watu walikuwa wameshikwa na wazimu wa mbegu za kitani. Ni zile mbegu ndogo za kahawia zinazong'aa, za mmea uleule unaotoa nyuzi za nguo. Kila duka liliziweka mbele, na kila muuzaji alikuwa na orodha yake ya magonjwa. Zinatibu presha, zinatibu sukari, zinatibu magoti, mwingine alisema zinaotesha nywele. Wagonjwa walimuuliza wifi kila siku: daktari, tule au tusile? Yeye alikuwa amesoma tafiti za watu wa mbali. Nyingine ziliona presha inashuka na mafuta mabaya kwenye damu yanapungua, nyingine ziliona mabadiliko madogo tu. Wifi hakutaka kuwajibu watu wake kwa kubahatisha. Akaomba ruhusa ya kufanya utafiti wake mwenyewe palepale klinikini, akaipata baada ya kusumbuliwa sana.

Alinieleza siku ileile ya tangazo la mezani, tukiwa jikoni, mimi naosha vyombo, yeye anafuta.

"Utaoka skonzi za aina mbili," alisema. "Moja ina kitani kilichosagwa. Nyingine haina. Lakini zifanane sura, harufu na ladha, mtu asiweze kuzitofautisha. Moja utaifunga kwenye karatasi nyekundu, nyingine kwenye bluu. Wagonjwa watachomoa kadi kwenye mfuko bila kuangalia. Atakayepata nyekundu atakula nyekundu mpaka mwisho, wa bluu vivyo hivyo. Wote wanaendelea na dawa zao."

"Na kitani kiwe kwenye rangi gani?"

"Utajua wewe. Usiniambie."

Nilisimama na sahani mkononi. "Wewe daktari hutajua?"

"Sitajua. Wewe utajua, na mfamasia atafungia jibu kabatini. Basi."

"Sasa kwa nini ujifiche kazi yako mwenyewe?"

Akacheka kidogo, lile cheko lake la kuona haya. "Kwa sababu natamani sana zifanye kazi, wifi. Na mtu akitamani, macho yake yanamwonyesha anachotamani. Nikijua huyu anakula kitani, mkono wangu utamhurumia wakati wa kumpima. Sitaki mkono wangu ujue."

Nimeishi na watu wengi wanaojiamini, mume wangu akiwa mstari wa mbele. Sikuwa nimewahi kuona mtu anayejifunga kitambaa machoni makusudi ili asijidanganye. Pale pale, sabuni ikinitiririka mpaka kwenye kiwiko, nilianza kumheshimu kwa namna ambayo sikuitegemea.

"Lakini kwa nini mimi?" nikamuuliza. "Waokaji wako wengi."

"Unaongea kutwa, wifi, hilo hatubishani. Lakini miaka yote hii sijawahi kukusikia ukisema uongo."

Nilijifanya nasugua sufuria. Mtu akikusifu kwa kitu ambacho hukujua kama kuna mtu anakiona, huna pa kuweka uso.

Kazi yenyewe ilinitoa jasho. Mara ya kwanza nilitia mbegu nzima, zikapendeza juu ya skonzi kama vito. Wifi akazitazama akatikisa kichwa. Mbegu nzima, alisema, ina ganda gumu na tumbo haliliwezi. Inatoka kama ilivyoingia, imekutembelea tu. Lazima isagwe, tena isagwe mbichi kila siku, maana unga wake hauchelewi kuchacha. Kumbe pia unga huo unakunywa maji kama ngamia na kutoa ute, kwa hiyo mlaji naye lazima anywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litafunga. Nikajifunza kuukanda. Halafu ikaja kazi ya kutengeneza pacha wake asiye na kitani. Nilikaanga pumba za ngano mpaka zikapata rangi ileile ya udongo, nikaongeza mafuta kidogo, nikaharibu, nikarudia, nikaharibu tena. Siku nilipomfunga wifi macho nikamlisha zote mbili, na akashindwa kuzitofautisha, nilijipigia makofi mwenyewe.

Kitani nilikitia kwenye karatasi nyekundu. Nakuambia wewe sasa. Wakati ule sikumwambia hata mto wangu.

Kati ya waliochomoa kadi ya bluu alikuwemo Dereva. Ni rafiki wa mume wangu, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, mwenye tumbo kubwa na sauti ambayo bado inashindana na injini. Presha yake ilikuwa juu miaka na miaka. Dawa alikuwa nazo, tatizo lake ni kwamba aliziweka kwenye droo na kuziacha zikazeeka humo. Aliniita shemeji, na kila alasiri alikuwa kwenye karakana ya mume wangu akinywa chai yake na kubishana kuhusu mpira.

Klinikini wifi hakuwa na mzaha. Kila aliyekuja kupimwa alikaa kwanza kwenye benchi, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mdomo umefungwa. Hata Dereva alinyamazishwa, jambo ambalo mkewe alikuja kulishuhudia kwa macho yake. Muuguzi alipita akimuuliza kila mmoja kama amemeza dawa za siku hiyo, na ambaye hakumeza alimezea pale pale mbele yake. Ndipo wifi alipima, akasubiri, akapima tena. Kisha mtu akapewa skonzi yake, akala, akanywa maji, akaenda.

Zikapita wiki. Presha ya Dereva ikaanza kushuka. Ikashuka tena. Siku moja alitoka klinikini, akasimama katikati ya barabara akainua karatasi ya bluu juu kama bendera.

"Bluu!" akapiga kelele. "Bluu ndiyo yenye dawa! Nitazameni mimi!"

Tangu hapo sikuwa na amani. Wenye kadi nyekundu walijiona wametupwa. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akilalamika hata bei, alikuja dukani na skonzi yake nyekundu mkononi.

"Redio, mwanangu, nibadilishie. Nimekosa nini mimi mpaka nipewe mkate mtupu?"

Nilikuwa nakitazama kitani halisi, nilichokisaga mwenyewe alfajiri ile, anataka kukitupa apewe pumba. Jibu lilinifika hadi kwenye meno. Nikasema, "Kula hiyohiyo, mama, tafadhali," nikakimbilia nyuma ya tanuri kujipiga kifuani. Wasiojua wanadhani kunyamaza ni kupumzika.

Haya yote ningeyaweza. Nisiloliweza lilikuwa nyumbani kwangu.

Mume wangu ni fundi mizani. Mizani zote za sokoni, za wauza nyama, za wauza nafaka, hata ile ya kupimia watoto klinikini, zimepita mikononi mwake. Naye ana presha. Imo katika damu yao: baba yao alianguka na kiharusi akiwa na umri kama wa mume wangu sasa, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Kwa hiyo mume wangu alikuwa na vidonge vyake, na mimi nilikuwa naviweka kila siku pembeni ya kikombe chake. Asubuhi moja nikakuta kikombe kitupu na vidonge vipo.

"Umesahau dawa," nikamwambia.

"Sijasahau. Nimeacha."

"Umeacha?"

"Dereva ameshuka kwa skonzi moja kwa siku. Mimi unaniokea mkate mzima wa kitani hapa ndani. Vidonge vya nini tena? Vinanivimbisha miguu bure."

"Dereva ni Dereva, wewe ni wewe."

Akanikazia macho. "Unajua kitu? Kama bluu siyo kitani, sema."

Ningesema neno moja tu. Lakini neno moja kwa mume wangu ni neno moja kwa Dereva, na neno moja kwa Dereva ni gazeti. Bluu wangekasirika, nyekundu wangeringa, wifi angesikia kabla hajavua koti, na kazi yote ingekuwa maji ya kuoshea vyombo. "Ninachojua ni kuoka," nikamjibu. Nikaziba mdomo, nikalia bafuni.

Naye alikuwa na jambo la kunituliza. Alikuwa amepata kipimo cha presha cha zamani, kile chenye uso wa duara, mshale, mpira wa kuminya na mirija ya kusikilizia mapigo, akakifungua na kukitengeneza mwenyewe. Kila jioni alijipima mbele yangu. Mshale ulisimama mahali pazuri kabisa. "Umeona?" alisema. "Mizani haina upendeleo." Nami nikatulia nusu. Nusu nyingine ilikuwa inamwona akikunja uso akitazama mwanga, akijikanda kisogo, akisema ni usingizi tu.

Siku alipoangusha jiwe la mizani kwa sababu kichwa kilimgonga ghafla, nilivua aproni nikaenda klinikini mbio. Nilimkuta wifi akiandika.

"Wifi, kuna jambo kuhusu bluu na—"

Kiganja chake kilikuwa kimeshanifunika mdomo. Aliruka kutoka kwenye kiti kwa kasi ambayo sikujua anayo.

"Usiniambie. Nakuomba. Bado kidogo tumalize."

Niliutoa mkono wake. "Basi nitakuambia lingine. Kaka yako ameacha dawa."

Hakuuliza ushahidi. Alichukua kipimo chake, akaacha koti likining'inia kwenye kiti, na alikuwa mlangoni kabla yangu.

Karakana ya mume wangu iko juu ya ngazi ndefu za mbao. Tulimkuta ameketi katikati ya mizani zake, mawe ya shaba yamepangwa kwenye rafu kutoka kubwa hadi dogo, na Dereva kwenye kigoda chake cha kila siku. Mume wangu alituona akajua mara moja nani amemshtaki.

"Redio imetangaza," alisema.

"Imefanya vizuri," wifi akajibu. "Kaa vizuri, kaka. Miguu chini. Nyamaza."

"Kwanza utazame changu." Akajifunga kipimo chake, akaminya, akasikiliza. Mshale ukasimama mahali pake pazuri pa kila siku. Akatabasamu.

Wifi alikitazama. Alimwacha apumzike, akamfunga kipimo chake, akapima. Uso wake ukabadilika. Akapima mkono wa pili. Akasubiri, akapima tena.

"Kaka, hii presha inatosha kukuangusha leo."

"Chako kimeharibika. Hiki nimekirekebisha mwenyewe kwa mikono yangu."

"Ulikirekebisha kwa kutumia nini?"

"Kwa jiwe. Kama mizani yoyote. Unaweka kitu unachojua uzito wake, unaona mshale unasemaje, unausogeza mpaka useme kweli."

"Jiwe lipi la presha unalo wewe?"

Mume wangu akamwelekezea kidole Dereva. "Huyu. Asubuhi moja ulimpima wewe ukampa namba nzuri, aliitangaza mtaa mzima. Mchana nikampima hapa, changu kikasema iko juu. Nikajua kinadanganya. Nikaurudisha mshale nyuma mpaka kikakubaliana na cha kwako."

Hilo ni kosa ambalo fundi mizani peke yake duniani anaweza kulifanya, tena kwa uaminifu kabisa.

Wifi alimgeukia Dereva. "Wakati anakupima, ulikuwa umepumzika?"

"Kupumzika wapi!" Dereva alisema. "Nilikuwa nimetoka kupanda hizo ngazi zenu, halafu huyu ananiambia timu yangu haijui kukaba. Ningepumzikaje?"

"Mtu si jiwe, kaka," wifi alisema taratibu. "Kilo moja ni kilo moja asubuhi na jioni. Damu ya mtu inapanda akipanda ngazi, inapanda akibishana, inashuka akitulia. Kipimo chako kilikuwa kinasema kweli. Umekifundisha kudanganya, halafu ukakiamini."

Nilimwona mume wangu akikitazama kile kipimo mapajani mwake. Fundi akiambiwa kazi yake imepinda, na yeye mwenyewe anaona imepinda, ni jambo la kumhurumia. Lakini yule ni mbishi, ubishi aliupata kabla ya meno.

"Sawa," alisema. "Kipimo nimekosea. Lakini Dereva ameshuka kweli, kwako, kwa kipimo chako, kwa skonzi za bluu. Hilo nalo nimekosea? Kitani kinashusha au hakishushi?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Sijui, kaka. Sijui bluu ni nini."

Kisha wote watatu wakanigeukia mimi.

Watu wamenitania kwa mdomo wangu maisha yangu yote, lakini siku ile niliuhisi mdomo kama kitu nilichobebeshwa na mtu mwingine. Mume wangu alikuwa anatoka jasho kwenye paji la uso na karakana haikuwa na joto. Nilimwona baba yao, ambaye sikuwahi kukutana naye, ameinama kwenye viatu vyake.

Wifi aliniangalia mimi, akamwangalia kaka yake. Akaweka kipimo chake juu ya meza.

"Wifi," alisema, "mwambie. Sema hapa hapa, mbele yangu."

"Na utafiti?"

"Utakuwa umekufa. Nitaanza tena wakinikubalia. Huyu nikimpoteza sina pa kuanzia."

Huyu ni yule mtoto aliyemeza mbegu ya chungwa ili ajue. Huyu ni mtu aliyejifunga macho kwa hiari yake, akavumilia kutojua kila asubuhi akiwa na watu wanaomlilia awaambie, na sasa alikuwa anaivunja kazi yake kwa sentensi moja bila hata kukaa chini. Nilimpenda siku ile kuliko ninavyoweza kusema, na mimi kusema si tatizo langu.

Nikafungua mdomo.

"Nyamaza!" Mume wangu alikuwa amesimama. Alinyoosha mkono kwenye rafu akachukua jiwe moja la shaba, akaligeuza kiganjani. Hakumtazama yeyote kati yetu. "Kabla baba hajanifundisha kushika bisibisi alinifundisha nisiweke kidole kwenye mizani ya mtu. Dada yangu anapima kitu. Sitaweka kidole." Akalirudisha jiwe mahali pake. "Vidonge viko wapi?"

Vilikuwa mkobani mwangu. Nilikuwa nikitembea navyo tangu siku alipoviacha. Akavimeza kwa chai baridi ambayo Dereva alimsogezea.

Wifi hakuridhika na vidonge. Alimshusha ngazi polepole, akampeleka klinikini kwa daktari mwenzake, akakaa naye pale mpaka presha iliporudi mahali pa kumruhusu kwenda nyumbani. Jioni ile mume wangu alikifungua tena kile kipimo chake. Safari hii alikwenda kukirekebisha kwa cha dada yake, mkono ule ule, kwenye benchi, kimya.

Siku ya kufungua kabati ilifika. Kliniki ilijaa: nyekundu upande mmoja, bluu upande mwingine, kama mechi. Wifi alisimama mbele. Alikuwa ameshapiga hesabu zake kwa rangi bila kujua rangi ina nini. Kundi la nyekundu, alisema, presha imeshuka zaidi kuliko kundi la bluu. Mafuta mabaya ya damu pia yamepungua zaidi. Kwa kiasi tu, lakini tofauti ipo, na ameihakiki mara nyingi.

"Sasa tumwombe mwokaji wetu atuambie nyekundu ilikuwa nini."

Nikasimama. Watu wote walinigeukia, na Redio ikakosa sauti. Mama mkwe wangu alicheka kwa sauti huko nyuma.

"Nyekundu," nikasema hatimaye, "ndiyo kitani."

Yule mwalimu mstaafu alipiga kigelegele ambacho sikudhani pumzi yake inakitosha. Wengine walikumbatiana. Dereva aliinuka polepole.

"Ngoja, ngoja. Kwa hiyo mimi nimetangaza pumba?"

"Umetangaza dawa zako," wifi akamjibu. "Miaka yote zilikaa kwenye droo. Hapa umezimeza kila siku mbele ya muuguzi, na umetembea kwa miguu kuja na kurudi. Ulichofanya ni kikubwa, mzee wangu. Hukukipa tu jina lake."

Mimi nilitaka apige kelele. Nilitaka aseme kitani ni mfalme wa mbegu, nami niandike ubao mkubwa mlangoni. Badala yake alisimama pale akiwaambia watu kwamba kitani kinasaidia, lakini si kila mtu, na hakichukui nafasi ya vidonge. Kwamba kisagwe, kiliwe kwa kiasi, na maji yanywewe. Kwamba utafiti wake ni mdogo na wengine waurudie waone kama watapata kitu hicho hicho. Niliudhika. Halafu nikaona jinsi watu walivyokuwa wametulia wakimsikiliza. Kwa wauzaji wa mbegu walikuwa wakisikiliza huku wakicheka. Huyu walimwamini kwa sababu hakuwapa hata chembe zaidi ya alichokuwa nacho.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mume wangu. Tulipofika karibu na maseremala akanigeukia.

"Ulijua tangu mwanzo."

"Nilijua."

"Kila nilipokurushia jina la Dereva."

"Kila uliporusha."

"Siku ile karakanani, ningekuacha, ungesema kweli?"

"Ningesema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Na yeye angekubali."

Akasimama. Mafundi walikuwa wakipiga randa, na vumbi la mbao lilikuwa likitoka mlangoni hadi kwenye viatu vyetu. Aliviangalia viatu vyake vyenye vumbi.

"Baba angekuwa na watu wawili kama nyinyi," alisema, "angekuwepo."

Nilikuwa na majibu mengi, mimi sikosi. Niliushika mkono wake pale kwenye kifundo, chini ya kidole gumba, mahali ambapo wifi amenifundisha kuweka vidole, na tukasimama hivyo mpaka nilipousikia mshipa wake. Ulikuwa unapiga taratibu, bila haraka.